Kibuyu cha Maji ya Unga

Bolgatanga,
Jumatatu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Miguu yako inaendeleaje, na mtama umekwisha kuvunwa? Sisi hatujambo. Akolgo anakaribia miaka minne. Shingo bado haijakaza wala hajakaa mwenyewe, ila kicheko anacho cha kugawia majirani.

Ujumbe wako umenifikia. Umesema utakuja Ijumaa na yule mzee wa dawa "kumsindikiza mtoto kwao", kwa kuwa si mtu bali ni roho wa porini. Tangu hapo kila pikipiki ikipunguza mwendo nje, nadhani ni ninyi, na mtoto simwachi hata nikienda kuchota maji.

Mwaka jana uliponigusia jambo hili nilikubali, Mama. Nilikuwa nimechoka, na mume wangu alishaacha kumtazama. Kisha Lariba, anayesuka vikapu sokoni, akamwona Akolgo mgongoni kwangu akasema, "We dada, huyo wako ni pacha wa wangu! Njoo Jumatano, nyasi za kusuka zipo." Nikaenda. Tuko akina mama kumi na mmoja. Tunasuka, tunapokezana watoto, tunafundishana kuwalisha wasipaliwe. Lariba husema watoto wetu ni machifu: wanalishwa, wanaogeshwa, wanabebwa, na hawasemi asante. Nilicheka mpaka nikalia.

Jumatano iliyopita tuliulizana kila mmoja anaogopa nini. Hapo nikalitamka lile tusilolitaja nyumbani. Nilikuwa na miaka saba. Mzee huyo huyo wa dawa alikuwa ameketi uani. Ulinipa kibuyu nimpelekee mdogo wangu Ayine, ambaye naye shingo haikukaza, nami nikadhani ni maji ya unga, kama tunavyompa kila mgeni. Nikamshika kichwa, nikambembeleza, "Kunywa, mgeni wangu, maliza yote." Akamaliza. Asubuhi ukaniambia amerudi kwao. Nilijua, Mama. Miaka yote hii nimejua, na mkono ulikuwa wangu.

Ijumaa wenzangu wote watakuwa uani kwangu, watoto mgongoni. Mzee atarudishwa mlangoni. Wewe utakaribishwa, na maji ya unga nitakupa kwa mikono miwili, kama ulivyonilea. Lakini ukija na kibuyu chako, utakinywa wewe kwanza, mbele yetu.

Nisalimie shangazi na wote wa nyumbani. Akolgo anakusalimu, nimemtajia jina lako, akacheka.

Bado ni mwanao,
Atipoka