Shaba Nyeusi Kwenye Fuawe ya Baba

Mikumi, 4 Mei 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za Malolo, na magoti yanaendeleaje? Mama hajambo? Mimi mzima, nafundisha historia kama kawaida, ila wiki hii nimejaa furaha hadi wanafunzi wananishangaa!

Nimetengeneza upanga, baba. Mimi mwenyewe! Wa shaba nyeusi, kama panga walizopigana nazo watu wa kale kabla ya chuma. Nimeyeyusha shaba ya nyaya za mota, nikachanganya na stani kidogo, yale madini meupe ya kulehemia, nikamimina kwenye mchanga wenye umbo la upanga. Nimemkabidhi kondakta wa basi akuletee. Vitabu vinasema upanga wa namna hii ulitoshana na wa chuma laini, pengine hata kuushinda. Jaribu uone.

Nasikia unataka kumkabidhi kaka Lucas, mtoto wa baba mkubwa, fuawe, nyundo na mivukuto yote, kwa sababu huna mtoto wa kiume. Na mimi je? Najua kwetu mwanamke haingii kwenye kiwanda cha mhunzi moto ukiwaka. Lakini naumia, baba. Tangu utoto sijataka kitu kingine.

Bintiyo,
Vaileth

Malolo, 13 Mei 2024

Mwanangu Vaileth,

Marahaba. Magoti yananilalamikia, mengine salama. Mama yako anakusalimu sana.

Mzigo umefika. Upanga mzuri, unang'aa kama kengele ya kanisa! Nikaupa heshima zote ninazoipa springi ya lori: nikauchoma ukawa mwekundu, nikautumbukiza majini, tsss! Nikaupiga kwenye gogo. Ukajikunja. Nimecheka mpaka nikakaa chini. Mama yako anauita kijiko.

Vitabu vimekudanganya, mwanangu. Chuma ni chuma. Kuhusu Lucas, neno nimeshalitoa, atakuja kuchukua vyombo Jumapili ya tarehe tisa Juni. Kazi hii inataka mtu anayekijua chuma kwa mkono, si kwa kusoma. Usiumie.

Baba yako

Mikumi, 18 Mei 2024

Baba,

Shikamoo! Pole na magoti, mama msalimie, salamu nyingine baadaye maana siwezi kungoja.

Uliutumbukiza majini? Hapo ndipo ulipouharibu! Feleji, chuma kigumu kama cha springi zako, ndiyo hukomaa ukiizamisha ikiwa nyekundu. Shaba nyeusi ukiifanyia hivyo inalainika. Yenyewe hukomazwa kwa nyundo, ikiwa baridi. Unyooshe, kisha gonga makali tu, polepole, mpaka yawe magumu na nyundo ianze kuruka. Usizidishe, itapasuka. Mimi nilipasua mbili kabla sijajifunza, na kiganja bado kina malengelenge.

Halafu nakuomba ufue upanga mwingine wa chuma laini, si springi, uzigonganishe makali kwa makali. Habari ya Lucas sikuulizi tena. Nataka tu ujue kwamba mkono wangu nao unajua kitu.

Bintiyo,
Vaileth

Malolo, 10 Juni 2024

Vaileth mwanangu,

Marahaba, tena marahaba mara tatu! Sisi wazima. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikutaka kuandika kabla sijaona kwa macho yangu.

Nilinyoosha kile kijiko, nikagonga makali siku mbili, baridi vilevile. Nyundo ikaanza kuruka! Nikafua upanga wa pili kwa chuma laini cha dirisha kuukuu. Nikazigonganisha. Mwanangu, cha dirisha ndicho kilichopata pengo! Shaba yako ina mkwaruzo tu. Nimefua miaka arobaini sikulijua hilo. Nimejaribu na feleji yangu ya springi, imezishinda zote mbili, na hilo uwafundishe wanafunzi wako, usilifiche. Ila sasa najiuliza kwa nini watu waliiacha shaba. Nadhani ni stani, haiokotwi kila mahali, lakini mawe ya chuma yapo milima mingi.

Jana Lucas alikuja na mkokoteni. Nikampa vipande viwili, cha dirisha na cha springi, nikamwomba anichagulie cha kufulia panga la kukatia miwa. Akasema, "Baba mdogo, si vyote chuma tu?" Ameondoka na mkokoteni mtupu. Wazee wa ukoo wameninunia, na waninunie.

Njoo Jumamosi asubuhi, nitakuwa nimeshawasha moto. Ukifika usisimame mlangoni. Na uvae viatu vya ngozi, raba zinatobolewa na cheche.

Baba yako