Kiti cha Ukumbi wa Zimamoto

Pennsylvania, mwisho wa Mei

Mpendwa Baba,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti limepunguza ukorofi sasa baridi imeondoka. Sisi huku ng'ambo ya reli hatujambo. Stan wangu amerudi kazini, na watoto wanakuulizia kila Jumapili hadi naishiwa majibu. Simu zangu hupokei, na Jumatano nilipogonga kwako niliona pazia likitikisika. Basi naandika.

Nimekasirika, Baba, na sitajifanya sijakasirika. Nilipokuambia nagombea ubunge wa jimbo dhidi ya mbunge wetu Tierney, ndani ya chama chetu hichohicho, ulisema chama kina foleni na mimi nimeiruka. Nikakujibu kwamba tangu wodi ya wazazi ya hospitali yetu ifungwe nimemzalisha mwanamke kwenye kiti cha nyuma cha gari, kando ya barabara kuu, na Tierney hajauliza hata mtoto aliitwa nani. Ukasema basi nigombee peke yangu, bila chama. Wewe ndiye ulinifundisha kwamba hapa mtu asiyetoka katika vyama hivi viwili anapigiwa makofi tu, kura hapati.

Ijumaa zote za Kwaresima nilikukuta chini ya kanisa, kwenye mauzo ya pirogi za viazi, ukimkusanyia Tierney saini za kumwezesha kugombea. Mimi meza hii, wewe meza ile. Jirani yako Bibi Yurko alituambia tuone haya, watu wanashindwa kula. Wewe ulicheka naye, mimi hukunitazama.

Halafu nikafanya kosa ambalo binti yako hakupaswa kulifanya. Nilizunguka nyumba kwa nyumba, na walionikaribisha ndani ni wale waliochoshwa na vyama vyote viwili. Wakanipa kahawa, wakaweka mabango yangu uani. Nilifurahi kupendwa, Baba, nikasahau kuwauliza kama wamejiandikisha katika chama. Kura ya mchujo, ya kumpata mgombea wa chama, ni ya wanachama tu, jambo hilo nalijua tangu nikiwa shule ya msingi, nikigawa vikaratasi pamoja nawe.

Siku ya kura walikuja. Ulikuwa umesimama mlangoni pa ukumbi wa zimamoto tunapopigia kura, kama kawaida yako mjumbe wa kamati ya chama, ukigawa kadi zenye majina ya waliopendekezwa na chama. Uliwaona wakiingia na fulana zenye jina langu, ukawaona wakitoka bila kupiga kura. Dundi wa gereji alipaza sauti kwamba analipa kodi kama mtu mwingine yeyote, iweje afukuzwe kama mlevi? Ukamwambia taratibu kwamba hajafukuzwa, Novemba, kwenye uchaguzi mkuu, aje amchague Tierney. Nilipofika mimi ukaninyooshea kadi ya Tierney, ukasema asante kwa kushiriki. Nililia garini, kisha nikaenda zamu hospitalini.

Unajua nilivyoshindwa. Tierney alinipigia simu kunipongeza kwa moyo wangu, akasema vijana kama mimi ndio chama cha kesho. Nina miaka arobaini na minne.

Sasa nikuambie lililonifanya nishike kalamu, maana sitaki ulisikie kwa Bibi Yurko. Mwaka huu ulihangaikia saini za Tierney hadi ukasahau kupeleka za kwako, za ujumbe wa kamati ya chama wa kata yetu. Jina lako halikuchapishwa kwenye karatasi ya kura, wala la mtu mwingine. Nasikia uliwaambia wazee wenzako hakuna shida, kiti hicho hakuna anayekitaka, waandike tu jina lako kwa mkono. Wazee wengi walisahau kuandika, au walidhani limo.

Jana walinipigia kutoka ofisi ya uchaguzi ya kaunti. Walioandika jina langu kwenye nafasi hiyo ni wachache, wangeenea kwenye jiko la Bibi Yurko, naye anakiri alikuwa mmoja wao. Lakini wamewazidi walioandika lako. Sikuwaomba, Baba. Kiti chako cha kamati ni changu, kama nakitaka.

Nimewaambia nakitaka. Uchaguzi ujao nitakayekuwa mlangoni ni mimi, na kabla ya hapo nitapita kila nyumba nikiwa na fomu za kujiandikisha, nikianzia kwa Dundi. Ukitaka kuendelea kununa, nuna.

Ila kuna jambo moja la kura yangu ambalo hata Stan sijamwambia. Pale kwenye nafasi tupu ya ujumbe wa kamati niliandika jina lako, kwa herufi kubwa, wasije wakakosea.

Stan na watoto wanakusalimu sana. Nisalimie na Bibi Yurko, na goti ulipakae dawa niliyokuachia barazani.

Ni mimi bintiyo,
Loretta