Mlio wa Kuamsha

Lindi Mjini,
27 Julai 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama, na amani ya Mungu iwe nawe. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako la kulia limepunguza ukorofi tangu uanze kulikanda kwa mafuta ya nazi. Mimi mwili mzima, namshukuru Mungu. Nasikia salfa imechelewa kufika Kiranjeranje na mikorosho imeshaanza kuota ukungu wa ubwiri. Wakija kupulizia usisimame karibu. Kifua chako nakijua, na ubishi wako naujua zaidi.

Utashangaa mtu mwenye simu kukuandikia barua. Jumamosi ya wiki iliyopita nilikuja nyumbani kukwambia jambo, ukanipikia mihogo ya nazi na samaki, nikala, nikaaga, nikaondoka nalo. Uliponiuliza mbona nimekuwa kimya, nilisema midomo inaniuma kwa mazoezi ya tarumbeta. Midomo ilikuwa mizima, Mama. Njiani nikakumbuka kwamba ulijiandikisha kisomo cha watu wazima ili uweze kusoma barua za baba kutoka vitani, na hakuna hata moja iliyokuja. Basi nimeona niandike. Isome ukiwa umekaa, na mlango umeufunga.

Nilipochaguliwa kuingia bendi ya jeshi ulifurahi ukachinja jogoo, kisha ukanipa sharti. Nipige milio yote nitakayoamriwa, lakini ule wa wafu nisimpigie baba, kwa kuwa baba hajafa. Kila Siku ya Mashujaa wewe unazima redio. Nimewapigia wanajeshi wengi, wengine nisiowajua hata kwa sura, na baba yangu sikumpigia. Nimelishika sharti hilo mpaka mvi zimeniota.

Sijawahi kukueleza mlio wenyewe, nawe hukutaka kuelezwa. Wazee wa jeshi wanauita lasti posti. Enzi za mkoloni haukuwa wa msiba. Ulipigwa kambini usiku, walinzi wakishakaguliwa hadi lindo la mwisho, kuwajulisha askari kwamba siku imefungwa na walale bila wasiwasi. Baadaye ukahamia makaburini, kwa maana aliyekufa naye kamaliza zamu. Tarumbeta lake ni dogo, halina vitufe, kila sauti unaitafuta kwa midomo na pumzi yako. Ukimaliza, watu hunyamaza kimya, ndipo hupigwa mlio wa pili, wa kuamsha. Huo hauachwi. Madrasa tulifundishwa kwamba baragumu la Israfili litapulizwa mara mbili, kwanza wafe walio hai, kisha wafufuke wote. Mimi milio hii miwili huisikia hivyo hivyo.

Kwenye mazoezi hapa Lindi walialikwa wazee waliopigana vita vya Kagera. Mmoja wao ni mzee Alfonsi, Mmwera wa upande wa Nachingwea, naye zamani alikuwa mpiga tarumbeta. Alinikosoa mawili matatu, maana mzee asipokosoa anaona amekuja bure, kisha akaniuliza jina. Nikamwambia Bashiru Fakihi, wa Kiranjeranje. Akanishika mkono na asiuachie. Akanipa pole ya baba yangu, ingawa ni ya zamani. Nilidhani amenichanganya na mtu mwingine. Nikamweleza kwamba baba alikwenda na mgambo, hakurudi, na hatujui alipo. Nikaona uso unambadilika. Ndipo akanieleza.

Mama, baba alifariki ng'ambo ya Kagera. Lilikuwa kombora, na Alfonsi anasema hakuteseka. Walimzika katika shamba la migomba mvua ikinyesha, na Waislamu wenzake walimsalia. Alfonsi akampigia lasti posti. Kabla hajapiga wa kuamsha ikaja amri waondoke, wakaondoka. Anasema hilo ndilo linalomnyima raha mpaka leo, kwamba alimlaza mwenzake na hakumwamsha. Kwa sababu hiyo, vita vilipokwisha, alifunga safari mwenyewe kuja kutoa taarifa kwetu.

Ndiyo, Mama, alifika nyumbani. Alikaa barazani na babu Musa, akamwambia yote. Wewe ulikuwa uani, na anakumbuka kusikia mtoto mchanga akilia. Babu alitokwa machozi, akamkaribisha madafu, akamwomba asiingie ndani. Alisema mkwe wake ni mzazi, na habari ile atampa yeye mwenyewe taratibu. Alfonsi akaondoka akiamini umeambiwa.

Sikutaka kumwamini. Jumamosi ile kabla sijafika kwako nilipitiliza hadi Kivinje kwa shangazi Mastura, nikamuuliza bila kuzunguka. Alikana, akaniita mtovu wa adabu, akaenda kuswali, akarudi analia. Alisema babu alipanga kukuambia nikishaachishwa ziwa. Kisha nikishatembea. Kisha msimu wa korosho ukiisha. Aliogopa ukishajua utarudi kwenu Milola na mimi mgongoni, na mimi ndiye niliyekuwa nimebaki wa Fakihi. Mwisho akatunga ile habari kwamba kuna mgambo walioonekana Uganda, wamebaki huko wanafanya kazi. Shangazi alijua akanyamaza, kwa kuwa babu ni baba yake mzazi.

Nina hasira, sikufichi. Namkumbuka Abdulwahab wa Kilwa Masoko, muuza vitenge, aliyekuja kukuposa mara mbili ukamjibu kwamba wewe ni mke wa mtu. Aliniletea kandambili za bluu, nikazipenda kuliko nilivyompenda yeye. Halafu namkumbuka babu alipolala kitandani, ulivyomwogesha na kumnywesha uji kwa kijiko, naye akikuita mwanangu. Aliweza kusema hadi siku yake ya mwisho. Sijui nimchukie vipi mtu aliyenibeba mabegani. Labda wewe utajua.

Nilimuuliza shehe mmoja hapa mjini habari ya eda, bila kutaja jina la mtu. Alisema eda inahesabiwa tangu siku mume alipofariki, si siku habari ilipofika, na kama mke alikuwa mjamzito, basi eda inakwisha anapojifungua. Kwa hiyo mwanamke huyo hadaiwi kitu. Aliniambia kama mtu anayetoa habari njema. Nilitoka, nikakaa kwenye ngazi za msikiti, nikalia. Eda yako ilikwisha siku uliyonizaa mimi, Mama. Tangu hapo ulikuwa huru, na hakuna aliyekwambia.

Sasa lililobaki ni langu. Juzi, Siku ya Mashujaa, nimelivunja sharti lako. Mkuki na ngao viliwekwa mnarani, viongozi wa dini wakaomba, nikapiga lasti posti kwa mashujaa wote kama ilivyopangwa, na safari hii baba nikamhesabu kati yao. Lakini ule wa kuamsha nilimkusudia Fakihi peke yake. Mzee Alfonsi alikuwa kwenye viti vya wazee, ameinamisha kichwa. Nilipomaliza aliniinulia mkono. Wewe najua hukusikia, ulikuwa umezima redio.

Mwezi ujao ni khitma ya babu. Kila mwaka mwalimu huuliza majina ya marehemu wa kuombewa, nawe humtaja Musa, kisha huomba Fakihi arudishwe salama. Nitakuja siku mbili kabla, na mchele na mbuzi nitaleta mimi. Mwalimu akiuliza majina safari hii, nitanyamaza. Utayataja wewe, Mama. Utakayemtaja umemtaja, na utakayemwacha sitakuuliza.

Nisalimie majirani wote, hasa Bi. Esha, na umwambie dawa ya macho nimeipata. Shangazi akipiga simu, usipojisikia usipokee. Ukitaka nije mapema, nipigie, hata kama hutasema neno nitajua ni wewe. Tarumbeta nitakuja nalo. Ukipenda nitaupiga ule wa kuamsha hapo uani, uusikie na wewe. Usipopenda, litabaki ndani ya begi.

Ni mimi mwanao,
Bashiru Fakihi