Mukau wa Mama Mutheu

Jumatano, Kathonzweni

Bado namwona Mama Mutheu akikwaruza gome la mti wake wa mukau kwa ukucha. Chini ya gome kulikuwa na rangi ya kijani kibichi.

Kazi yangu ni kupiga picha miti ya wakulima ili walipwe pesa ya kaboni, ile ya kutunza miti iliyo hai. Leo simu iliona miti yake haina majani, ikaandika: imekufa. Nikabonyeza "Kubali", nikatuma.

"Kwani wewe si mtoto wa hapa?" akaniuliza alipoona jibu la simu. "Mikau hupukutisha majani kila kiangazi. Simu haijui, sawa. Na wewe?"

Nilijua. Baba alipanda mikau kwetu. Ni vile jua lilikuwa kali, nilikuwa na haraka...

Nikamwambia nitarekebisha. Lakini nilijua ukishatuma hakuna kurekebisha.

Akanishukuru, akaniletea maji ya kunywa. Nikayanywa yote.