Mimi Mbele, Mama Mkwe Nyuma

Jumamosi, 3 Mei

Leo nimeambiwa mimi si mtu wa familia. Nimeambiwa nikiwa na pasi ya moto mkononi — bahati yake nina adabu.

Mwana Mpendwa alinifuata mpaka dobi, huku ninakopiga pasi mashuka ya hoteli, akasimama mlangoni na miwani ya jua. Jina lake silitaji humu. Nilikuwa mkewe miaka kumi na mmoja, na huu ni mwaka wa tatu si mkewe. Amesikia mama yake anataka kwenda hija kwa baiskeli, tena na mimi. Siku tano njiani! Eti nimemtia mama yake wazimu. Eti mimi na mama yake hakuna kinachotuunganisha tena, hata mjukuu sikumpa. Hilo alilisema mbele ya wenzangu. Shuka lililokuwa mezani likaungua kona.

Na wazo lenyewe si langu, ni la Mama. Ana presha ya macho. Anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe kila mwezi linazidi kuwa jembamba. Daktari kamwambia mwakani huenda akabaki na mwanga tu. Anataka alione kanisa la kilimani kabla bomba halijaziba, na afike kwa miguu yake mwenyewe. Miaka thelathini na miwili alikwenda kufundisha kwa baiskeli, mvua jua. Mwanawe hajui kama mapaja ya mama yake ni magumu kuliko yake. Mimi najua. Mimi ndiye ninayempigia pasi sketi.

Nilikuwa bado nasitasita kwenda. Sasa nakwenda.

Jumapili, 4 Mei

Baada ya ibada tulikwenda kujiandikisha. Mratibu wa hija ni mtu mpole, filimbi haimtoki shingoni. Alimwangalia Mama anavyopapasa kiti, akasema kwa upole wake kwamba atamwekea nafasi kwenye lori la waliochoka.

Mama akamwuliza atawekwaje humo naye hajachoka.

Mratibu akacheka. Mama hakucheka. Akasema kwenye lori atafika kama gunia. Mwisho mratibu akasalimu amri: mwenye kuja na baiskeli anayoweza kuiendesha, ataandikwa. Mama akasema atakuja nayo.

Njiani nikamwuliza, baiskeli ipi hiyo, Mama? Akaniambia nyuma ya stesheni kuna fundi anakodisha moja yenye viti viwili. Amelifikiria hili muda mrefu. Mimi nilidhani nitamsindikiza tu!

Jumatano, 7 Mei

Fundi wanamwita Spoki, na ukimwona alivyo mwembamba huulizi kwa nini. Baiskeli yake ni ya kijani, ndefu kama benchi la zahanati. Anasema hukodiwa na wachumba, wakairudisha kila mmoja kanuna kivyake.

Akatueleza. Wa mbele ana usukani, breki na gia. Wa nyuma ana miguu tu. Pedali zimefungwa pamoja kwa mnyororo: mguu wa mmoja ukisimama, wa mwenzake nao unasimama. Na karia ni moja. Watu wawili, mzigo wa mtu mmoja. Kilo tisa, basi, ukizidisha unamvunjia tairi la nyuma.

Halafu akatoa fomu. Mpanda baiskeli aliyepita miaka sitini asainiwe na ndugu. Wa damu au wa ndoa, ndivyo ilivyoandikwa. Mimi si wa damu, na ndoa ilikwisha mahakamani.

Mama alinyoosha mkono, akaikunja fomu mara nne na kuitia kwenye mkoba wake. Amesema tutaizungumza siku nyingine.

Jumamosi, 10 Mei

Tumeanguka. Kosa ni langu. Hapana, kosa ni la malezi yangu!

Tulikuwa uwanja wa shule, Spoki anatutazama. Mimi mbele, Mama nyuma, tunakwenda vizuri kabisa. Nikaona mtaro. Wa mbele anatakiwa aseme, kwa sababu wa nyuma haoni — na huyu wangu haoni kweli. Nikasema, "Mama, samahani, naomba tupunguze kidogo, hapo mbele naona kama kuna..." Sikumaliza. Tulikuwa tumo ndani.

Goti langu limechubuka. Mama kachubuka kiwiko. Alikaa ndani ya mtaro anapangusa majani, akaniuliza kama kulikuwa na mengine niliyotaka kusema.

Spoki anasema maagizo yawe neno moja. Shimo. Breki. Kanyaga. Acha. Nikamwambia huyu ni mama mkwe wangu, siwezi kumwambia "Kanyaga" kama namwambia punda. Akajibu kwamba mtaro haujui nani mkwe wa nani.

Na muda wote huo nilikuwa nampa mgongo Mama. Hilo nalo linanichoma. Miaka yote hii sijawahi kukaa nikimpa mgongo.

Jumatatu, 12 Mei

Nachechemea. Dobi nzima inajua. Yule wa mashine ya kukaushia ananiamkia "Shikamoo rubani". Nimemwitikia marahaba.

Ijumaa, 16 Mei

Leo Mama kanifundisha kupiga kelele. Sebuleni kwake, madirisha wazi, majirani wasikie!

Alikaa kwenye kiti chake, akaniweka kwenye stuli mbele yake, nimempa mgongo. Akasema, haya, sema shimo. Nikasema shimo. Akasema hilo ni la kumwambia mgonjwa. Nikasema tena. Akagonga sakafu kwa fimbo yake ile ya darasani, mwili ukanisisimka kama wa darasa la pili.

Nilimwambia ukweli. Mama, siwezi. Nikifungua mdomo inatoka "tafadhali". Nilipoolewa nilikukuta hapa mlangoni, nikapiga magoti, na magoti hayo hayajanyooka mpaka leo.

Akasema:

"Heshima yako naijua, mwanangu. Mwanangu wa kumzaa huniletea dawa kwa kutuma mtu. Wewe unakuja mwenyewe kila siku, asubuhi na jioni, unanitia matone mawili mawili, na wala hakuna aliyekulazimisha. Sasa hiyo heshima ya mdomoni iache nyumbani. Ina uzito, na sisi tuna kilo tisa tu."

Nikapiga kelele. SHIMO! Mbwa wa jirani akabweka. Mama akasema afadhali, tena.

Jumapili, 18 Mei

Kilomita arobaini na mbili! Kwenda na kurudi, bila kuanguka.

Kwenye mlima wa tangi la maji nilitaka kushuka tusukume. Miguu ilikwisha. Lakini pedali zikaendelea kuzunguka na miguu yangu juu yake — ni Mama huyo! Nikamsikia nyuma anahesabu kwa sauti, moja mbili, moja mbili, kama anapeleka watoto mchakamchaka. Bibi wa miaka sitini na sita kanipandisha mlima mimi wa arobaini na mmoja. Mwana Mpendwa angekuwepo! Kina baba wawili waliokuwa wanasukuma baiskeli zao walitukodolea macho tunapita. Nikawasalimia kwa kengele.

Kushuka nikaita "Breki!", na "Shimo!", na "Acha!". Hakuna aliyekufa. Tuliposimama Mama akaniambia sauti yangu inamfaa, aliona kila shimo.

Nimefurahi leo. Niandike hivyo hivyo, nimefurahi. Muda mrefu sijaliandika neno hilo.

Jumatano, 21 Mei

Kufungasha. Nimeazima mzani wa dobi, ule wa kupimia nguo za wateja. Mara ya kwanza: kilo kumi na nne na nusu. Mama akasema toa. Nikatoa. Kumi na mbili. Toa.

Mimi najua vitambaa, hiyo ndiyo kazi yangu. Pamba inakunywa maji na haikauki, imetoka. Taulo mbili zimetoka, tutajifuta kwa kanga moja nyepesi, kwa zamu. Blauzi mbili kila mtu: moja mwilini, moja inakauka juu ya karia. Sabuni nimeikata nusu. Mswaki wangu nimeukata mpini — Mama anasema hapo nimezidisha. Viraka vya tyubu na pampu ndogo haviguswi. Matone ya macho nayo hayaguswi; nimeyafunga kwenye kitambaa kilicholowa ili yasipate joto, kila tukisimama nitakilowesha upya.

Ugomvi ulikuwa gauni. Mama ana gauni la buluu lenye kola, zito kama pazia. Anataka kuingia nalo kanisani. Nikamwambia Mama, hilo peke yake ni zaidi ya kilo. Akasema anajua. Nikasema atavaa blauzi kama mimi. Akasema yeye hatamwona Mungu na blauzi ya mazoezi. Nikamwambia Mungu ameshamwona na mengi. Tulinuniana mpaka chai ikapoa.

Mwisho nikalifumua bitana. Nikaondoa kola na vifungo vya chuma, nikashona vya plastiki. Gramu mia sita. Mama kalipapasa, kapapasa mahali kola ilipokuwa, kasema sawa.

Ikabaki gramu mia tatu zaidi ya kilo tisa. Tukatazamana. Yaani mimi nikamtazama. Akasema, na hilo daftari lako unaloandika kila siku? Sikujua kama anajua. Nikaliweka kwenye mzani: mia nne.

Nitachana karatasi chache tupu, nizikunje mfukoni. Haya yaliyokwisha andikwa yanabaki chini ya godoro. Na yabaki. Sitaki kubeba maneno ya tarehe tatu mpaka kilimani.

Alhamisi, 22 Mei

Mwana Mpendwa alikuja kwa Mama mchana. Nilikuwa jikoni nasuuza vikombe, kila kitu nilikisikia.

Mama alimpa fomu asaini. Akasema atasaini ya lori, ya baiskeli ng'o. Akasema watu watamcheka: mama yake njiani anatandikwa na jua, nyuma ya mwanamke ambaye yeye alishamwacha. Akasema ni kwa sababu anampenda. Nadhani hilo ni kweli pia. Ndilo linaloudhi.

Mama alimwomba asogee, amemzibia mwanga. Basi. Akaondoka bila chai.

Mama akaniita. Kaa, shika kalamu, jaza. Jina la ndugu: jina lako. Nikaandika. Uhusiano? Nikanyanyua kalamu. Nikamwambia Mama, hapa tukidanganya watatushika.

"Nani kanitia dawa leo asubuhi?"

"Mimi, Mama."

"Na jana?"

"Mimi."

"Andika mtoto."

Nikaandika. Herufi ya kwanza imekwenda kombo. Nikasaini. Halafu nikarudi jikoni kuvisuuza vikombe vilivyokwisha suuzwa, nikalia huko, maji yanatiririka ili asisikie. Alisikia.

Ijumaa, 23 Mei

Kilo nane na gramu mia tisa. Spoki kaipokea fomu, nakala kampelekea mratibu. Katia grisi mnyororo. Kesho saa kumi na mbili na nusu, uwanja wa kanisa.

Jumamosi, 24 Mei

Naandika kwenye karatasi zile nilizochana, juu ya usukani, nimesimama. Nisamehewe mwandiko.

Saa moja kasorobo. Mahujaji kama sitini. Jina la Mama limesomwa, akaitika "Nipo!" kwa sauti ya mwalimu, watu wakapiga makofi. Kavaa helmeti, chini yake kitambaa cheupe nilichokipiga pasi. Matone nimeshamtia.

Halafu gari la Mwana Mpendwa. Kaliegesha kwenye lango, kalikingamisha. Kashuka na ile miwani. Hakuja kwetu, kaenda moja kwa moja kwa mratibu. Namwona anaigonga kwa kidole fomu iliyo mkononi mwa mratibu. Kumbe anajua cha kugonga: yeye alikataa kusaini, basi kuna aliyesaini. Midomo yake naisoma kutoka huku: huyu si mtoto wake.

Mratibu kaiinua fomu. Anaisoma. Anaisoma tena. Baiskeli za mbele zimeshaanza kutoka, moja moja, zinapenya ubavuni mwa gari.

Sasa wanakuja, wote wawili. Si mbali. Hatua thelathini.

Mama ananiuliza nani anakuja. Nimemwambia. Ananiuliza mratibu ana sura gani. Nimemwambia ya mtu asiyejua la kufanya. Ananiuliza upenyo wa lango unatosha? Nimeupima kwa macho. Unatosha, usukani utapita, tukienda bila kuyumba.

Anasema kama nataka tungoje tueleze, tutangoja. Aliye mbele ni mimi.

Nataka kusema naogopa. Naogopa kweli. Nikingoja, nitapiga magoti, najijua. Nitasema samahani, nitasema tafadhali, nitaeleza mpaka jua litoke lote, na Mama atapandishwa lori.

Hatua kumi na tano. Anamwita, "Mama! Mama, shuka!"

Mama hageuki. Ameshaweka mguu kwenye pedali, nausikia chini ya wangu, unasukuma kidogo, umenisubiri. Anasema hawezi kuanza peke yake, mwanangu, mpaka niseme.

Neno lenyewe ni moja, lile la punda. Naikunja karatasi.