Vigae Vilivyogeuka Kijani

Gatuanyaga,
Jumatano, 12 Machi 2025

Dada Kamene,

Natumaini wewe ni mzima na mwanao Maxine ameacha kutapika. Sisi tunaendelea vizuri. Magoti ya Mama yamepoa kidogo na anawasalimu. Nimempa Nduku barua hii akupe mkononi kwa sababu simu yako hupokelewa na shemeji. Isome ukiwa peke yako.

Unajua namsaidia Becky, yule mwanafunzi wa chuo, pale mtoni. Tuliweka vigae majini. Vingine tulivipaka vaselini pembeni ili konokono wasipande, vingine tukaviacha. Vyenye vaselini viliota mwani wa kijani unaoteleza kama mrenda. Vile vingine vilibaki safi, kwa kuwa konokono huula mwani mchana na usiku. Mama alicheka, akauliza kama nilimaliza fomu foo ili nichunge konokono.

Juzi Jumatatu nilikuta vigae vyote ni kijani. Nikapindua mawe. Konokono wamekufa, na wale wadudu wadogo wa chini ya mawe pia. Becky alisema jaribio limeharibika, halafu akaniuliza nani huchota maji hapo chini. Dada, ni wewe.

Jana nilipanda na mto, nikipindua mawe. Juu ya shamba lenu la nyanya konokono ni wazima. Chini yake hakuna hata mmoja. Na hapo katikati nilimkuta shemeji akisuuza pampu ya dawa, maji yakitoka meupe kama maziwa.

Nilimweleza. Alicheka, akasema afadhali wafe wasituletee kichocho, na kwamba msichana mwenye akili angechunga mbuzi. Nilipomtaja Maxine, kicheko kilikatika. Alisema nikikuambia, utarudi kwa Mama na virago vyako. Kisha akanifuata nyuma hadi barabarani.

Naogopa, na sijamwambia Mama. Lakini naogopa zaidi ule mtungi ulio jikoni kwako. Umwage. Kuchemsha hakutoshi. Chota kwenye bomba la kanisani, sema tu maji ya mto yananuka. Mpeleke Maxine hospitali Thika, umtajie daktari dawa ya nyanya.

Jumapili kanisani usinisemeshe, atakuwa kando yako. Mvalishe Maxine ile kofia nyekundu niliyomfumia, nitajua umesoma.

Nawasalimu nyinyi wawili. Barua uichome.

Mdogo wako,
Ndila