Doa 3664 na Treni ya Karimi

Jumatatu, 6 Mei 2024

Shule bado zimefungwa. Mvua, mvua, mvua. Baba anasema viazi vya bondeni vimeoza kabla ya kuchimbwa. Mimi — niseme ukweli, maana hapa hakuna anayesoma — nina furaha. Simu ya Mama iko karibu nami kutwa, na juani kuna doa!

Linaitwa doa 3664. Wiki iliyopita lilikuwa kama punje ya mtama. Sasa lingeweza kumeza dunia kadhaa. Nimelisoma kwenye tovuti ya Wamarekani wanaotabiri hali ya anga za juu. Doa kama hilo hulipuka. Mlipuko ukielekea kwetu hufika baada ya siku mbili hivi, na sumaku ya dunia huuvuta kwenye ncha. Ndipo mianga ya kaskazini inawaka: kijani, nyekundu, hata zambarau!

Hapa Kibirichia hatuwezi kuiona. Tuko karibu kabisa na ikweta. Lakini dada yangu Karimi yuko Uswidi! Miaka miwili analea wazee katika mji wa kusini kabisa, karibu na daraja la kwenda Denmark. Mkataba wake umeisha. Anarudi Jumanne ijayo.

Jana alimpigia Mama. Nilikuwa naosha vyombo, nikasikia. Huku sijaona kitu, Mama, alisema. Vyumba vya wazee na kituo cha basi, basi. Mama akamwambia, si utarudi salama, hiyo ndiyo muhimu. Karimi akaaga haraka. Sikupenda kule kuaga.

Nimemwandikia: Una siku nne za mapumziko kabla ya ndege. Utaona kitu. Niachie mimi.

Jumatano, 8 Mei

Limelipuka! Tena si mara moja! Mawingu ya jua yanakuja huku moja baada ya lingine. Hesabu yangu: Ijumaa usiku.

Nimemwambia Karimi apande treni kesho aende kaskazini, juu kabisa, kupita mstari wa Aktiki. Akauliza, kwani lazima niende mbali hivyo? Ni safari ya siku nzima na usiku. Nikamjibu: ukitaka kuona tembo unaenda msituni, humngojei sokoni Makutano.

Una hakika?

Asilimia mia.

Bundi alikuwa anasoma nyuma ya bega langu. Kaka mkubwa asiye na adabu! Akatangaza jikoni nzima: "Profesa, si ututabirie pia waru za bondeni, hivyo viazi vyetu, zitakauka lini?" Baba akacheka mpaka akakohoa. Masikio yangu yaliwaka moto. Nikainamia simu. Huwa sisemi kitu.

Redio imesema shule zinafunguliwa Jumatatu.

Alhamisi, 9 Mei

Karimi yuko kwenye treni!! Ametuma picha ya miguu yake na soksi nilizomfumia.

Na jioni hii — tahadhari ya daraja la nne! Hawajatoa nyingine tangu 2005. Mimi sikuwa nimezaliwa. Nimezunguka nyumba mara tatu kwenye matope.

Ijumaa, 10 Mei

Leo ni sikukuu ya kupanda miti. Tumepanda ishirini kando ya mto, Mama akiimba, mimi nikiangalia simu kila mti mmoja. Akanipiga kidogo na kijiti. "Mwari, huo ni mti au ni mtandao?"

Karimi alifika mchana. Theluji bado ipo, mlima mzima mweupe! Ameandika: Giza huku linaingia saa ngapi?

Nikajibu palepale: Kama saa moja na nusu hivi.

Saa mbili usiku. DHORUBA YA JUA IMEFIKA! Kipimo chake huanza sifuri na kuishia tisa. Kiko nane! Nane!! Nilipiga kelele, mimi, mpaka Baba akainuka kitini akidhani ni mwizi. Nikamwandikia Karimi: TOKA NJE! TAZAMA JUU!

Akajibu: Niko nje. Jua linanipiga usoni.

Nikajua anatania. Akatuma picha. Jua kweli, la manjano, juu ya mlima, kama la saa kumi hapa kwetu. Saa yao iko nyuma yetu kwa saa moja tu! Nikamwandikia asubiri, litazama. Mama akachukua simu akaenda nayo kulala, kwa sababu ya alamu ya kukamua.

Kipimo lazima sasa kiko tisa. Nahisi mwilini.

Jumamosi, 11 Mei

Asubuhi. Jumbe kumi na moja.

Saa nne usiku na jua ndiyo kwanza linazama.

Saa sita usiku, nasoma gazeti nje bila taa.

Hakuna giza hapa, Igoki. Mbingu nyeupe tupu.

Halafu picha ambayo si yake. Ametumiwa na wenzake wa kazini, kule kusini alikotoka. Paa la nyumba ya wazee. Juu yake mbingu yote — yote! — ya waridi na kijani, imening'inia kama pazia. Wazee wametolewa nje kwa viti vya magurudumu, wamefunikwa blanketi, midomo wazi. Chini yake Karimi ameandika: Hicho pembeni ni kituo changu cha basi.

Tembo alikuja mpaka Makutano. Na mimi ndiye niliyemtuma dada yangu msituni.

Hapa jua linazama saa kumi na mbili na nusu, Januari mpaka Desemba. Giza linakuja kama ng'ombe wa Baba, bila kuitwa. Sikuwahi kujiuliza kama kuna watu wananyimwa giza. Na nilifundishwa! Muhula wa kwanza, swali la nne: mhimili wa dunia na urefu wa mchana. Niliandika vizuri sana. Niliandika kwa ajili ya mwalimu. Sikujua kwamba swali hilo linatokea kweli kwenye dirisha la mtu.

Ujumbe wa mwisho unasema: Usijali kasista, utabiri ni utabiri.

Kwa hiyo anadhani jua ndilo lililokosea. Hajui ni mimi. Naweza kuacha hivyo hivyo.

Saa saba mchana. Nimempigia. Mimi, ninayemtuma Bundi dukani ili nisiulize bei! Nikamwambia yote bila kupumua — utabiri ulikuwa sawa, mahali ndipo palipokosewa, ungekaa kwako ungeona, kosa ni langu.

Akauliza:

"Jiografia ulipata ngapi?"

"Nane kwa kumi."

"Na zile mbili zilienda wapi?"

Sikujua kama anacheka au analia. Nadhani vyote viwili. Halafu akasema, sauti imekuwa ya kazi: haya, sasa nifanye nini, sema haraka, nimesimama hapa kama mti wa serikali.

Nilikuwa na jibu! Nililichora tangu asubuhi, kurasa tatu. Mawingu mengine ya jua yako njiani, kipimo bado kiko juu. Tiketi yake ya kurudi ni ya kesho — aibadilishe, apande treni ya leo alasiri. Kila saa ya kwenda kusini inampa giza kidogo zaidi. Akae upande wa kushoto, upande wa mashariki, maana usiku huanzia huko.

Amekimbia. Nilisikia viatu vyake kwenye theluji.

Saa tatu usiku. Ameketi kushoto. Ametuma picha ya dirisha: misonobari, na juu yake mbingu ya bluu, mchana bado. Kipimo kimeshuka. Sita. Kilikuwa saba. Mama hajadai simu. Ameketi kando yangu na shuka mabegani, hata Bundi yupo, anauliza kila dakika, "Manze, imepanda?"

Karimi ameandika: Sijalala tangu jana. Wanatandika vitanda hapa. Nilale au nikae macho? Sema ukweli, Igoki. Nitaona?

Niliandika: Ndiyo. Nikafuta. Niliandika: Asilimia — nikafuta.

Nimetuma: Sijui. Giza halitakuwa kamili, na kipimo kinashuka. Pengine nusu kwa nusu. Pengine chini ya hapo.

Alama mbili za bluu. Amesoma.

Nimemsomea Mama nilichotuma, kwa Kimeru. Akaitazama ile picha ya misonobari, akaivuta kwa vidole kana kwamba angeweza kuona mbele zaidi.

"Mwambie asilale," amesema.